Bati la injini likipasuka, usikimbilie kiraka

Mwenye ndege ya zamani akinijia na bati lililopasuka, mara nyingi huwa amelishika mkononi, tayari amelifungua mwenyewe, na swali lake ni moja tu: utalichomelea au utalipiga kiraka? Mimi humwomba kwanza anionyeshe lilikokuwa limefungwa. Bati likiwa mkononi halisemi mengi. Likiwa mahali pake ndipo utaona lilikuwa linavutwa na nani, linasuguliwa na nini.

Nazungumzia mabati ya kuongozea hewa, yale yanayozizunguka silinda. Injini kama Continental A-65, ile ya nguvu farasi 65 inayojulikana zaidi kwenye Piper J-3 Cub, haina rejeta wala maji. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, na zimejaa mapezi membamba ya kutolea joto. Hewa nayo ni mvivu: ukiiachia upenyo itapita pale palipo rahisi, na mapezi yatabaki na joto lake. Kazi ya mabati ni kuinyima huo upenyo. Kwenye J-3 vichwa vya silinda vimechomoza nje, na juu yake kuna bati lililopinda ambalo mimi huliita nyusi, kwa kuwa ndivyo linavyoonekana. Kwenye ndege ambazo boneti limeifunika injini yote, kama Cessna 140, mabati hukigawa chumba cha injini mara mbili: juu shinikizo kubwa, chini shinikizo dogo, na hewa hushuka ikipita katikati ya mapezi.

Tofauti ya mashinikizo hayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukiipima kwa mrija wa maji, kwa mwendo wa ndege hizi haitapandisha maji zaidi ya sentimita kumi na kitu. Kwa hiyo tundu la upana wa kidole pale nyuma ya silinda si jambo la urembo, ni upepo uliokusudiwa silinda unaokwenda zake.

Sasa, kwa nini yanapasuka? A-65 ikizunguka mara 2,300 kwa dakika, silinda zake hupiga mara 4,600 katika dakika hiyo hiyo. Bati lenye unene wa milimita 0.8 hivi limefungwa kwenye injini inayotikisika, huku ukingo wake wa pili ukisukumana na boneti ambalo mara nyingi limeshikwa na kiunzi cha ndege. Injini inacheza juu ya raba zake, boneti halichezi nayo, na bati la katikati ndilo linalolipa.

Kila ufa una mahali ulipoanzia, na mahali hapo panasema jambo. Ukianzia kwenye tundu la bolti, nashuku bati lilivutwa kwa nguvu lifike mahali lisipokaa lenyewe, au washa, kile kiduara cha bati cha chini ya bolti, ilisahauliwa. Ukianzia kwenye kona ya mkunjo, aliyelikunja alilikunja kwa ukali mno. Ukianzia ukingoni, piga tupa kidogo uangalie: karibu kila mara utakuta kijino kilichoachwa na mkasi wa bati. Unga mweusi kuzunguka ribiti, ile pini ya kuunganisha mabati, maana yake ribiti imelegea na inasaga tundu lake. Sehemu inayong'aa kama sarafu mpya maana yake kuna kitu kinagusa.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa aibu. Niliwahi kupiga kiraka kwenye bati la nyuma la ndege moja, kiraka kizuri, kinene kuliko bati lenyewe, nikajisifu. Haukupita muda mrefu ndege ikarudi, na ufa mpya umepita pembeni kabisa mwa kiraka changu. Nikaongeza kiraka cha pili. Ukapasuka tena. Mara ya tatu ndipo nilipoinamia raba za kushikilia injini, nikakuta zimebonyea kwa uzee, pua ya injini imeshuka, na bati langu linagonga boneti kila injini inapowashwa. Zilipobadilishwa raba, bati likatulia. Na kile kiraka kinene kilikuwa kimechangia: kiliufanya upande mmoja uwe mgumu, mtikisiko wote ukahamia kwenye mpaka wake. Siku hizi kiraka changu kina unene ule ule wa bati, au kinazidi kidogo tu, na kona zake ni za mviringo.

Kabla ya kuwasha moto wowote, jua una alumini gani. Aina ya 3003 ni laini, inakunjika kwa upole na inakubali kuchomelewa. 5052 pia inachomeleka, na huvumilia mtikisiko vizuri. 2024-T3, ile ngumu ya ngozi ya ndege, usiichomelee: nguvu yake imetokana na kupashwa na kupozwa kwa mpango maalumu, na moto wa karakana unaiharibu pamoja na kinga yake dhidi ya kutu. Hiyo ni ya ribiti tu.

Alumini ina hila nyingine: haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Chuma kitakuonya kwa wekundu, alumini itakudondokea miguuni. Ninapotaka kulilainisha bati la 3003 lililokakamaa kwa kugongwagongwa, nalipaka masizi kwa moto wa asetilini usio na oksijeni ya kutosha, kisha naongeza oksijeni na kulipitishia moto taratibu mpaka masizi yapotee. Yakipotea, joto linatosha, ondoa moto. Baada ya hapo bati linafuata nyundo bila ubishi.

Ufa wenyewe natafuta mwisho wake kwa dawa ya rangi ya kupenyeza, kwa sababu jicho hudanganywa. Ufa huenda mbele kuliko unavyoonekana. Hapo mwishoni natoboa kwa drili ya milimita 2.4, nalainisha midomo ya tundu, ndipo nafunika kwa kiraka. Tundu pekee halitibu, linachelewesha tu. Kwa ribiti nafuata vipimo vya kawaida: kutoka katikati ya ribiti hadi ukingo, angalau mara mbili ya kipenyo chake, kati ya ribiti na ribiti, angalau mara tatu. Ikishapigwa, kichwa cha upande wa pili kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu yake. Vipimo hivi na vingine vingi vimo kwenye mwongozo wa Marekani uitwao AC 43.13-1B, wa mwaka 1998, na ndege nyingi za aina hii asili yake ni huko. Lakini ndege yenye cheti bado inahitaji sahihi ya fundi mwenye leseni, hata kama wewe una mkono mzuri kuliko yeye.

Bati la zamani silitupi hata likiwa limekwisha kabisa. Mara nyingi ndilo mchoro pekee uliobaki. Nalifungua ribiti, nalinyoosha, nachora mpya kwa kulifuata. Na kuchora huko natumia kalamu ya wino, kamwe si penseli: risasi ya penseli ni kaboni, ikibaki kwenye alumini inaalika kutu. Kwenye mabomba ya moshi ya chuma cha pua ni mbaya zaidi, kwa sababu kaboni ile huingia ndani ya chuma kikipata joto, na alama uliyochora inakuwa ufa. Bomba la moshi likipasuka ndani ya ganda la kupashia hewa ya chumba cha rubani, gesi ya sumu isiyo na harufu inamfikia rubani. Kwa hiyo ganda hilo nalifungua hata nikiitwa kwa kazi nyingine.

Zikishafungwa raba mpya za ukingoni mwa mabati, zile za kuziba nafasi kati yake na boneti, hakikisha zimepinda kuelekea upande wenye shinikizo kubwa, ili hewa yenyewe izibane kwenye boneti. Zikipinda nyuma, hewa huzifungua. Halafu nasubiri giza, naweka taa kali upande mmoja wa mabati na kuchungulia kutoka wa pili. Kila mwanga unaopenya naujaza kwa silikoni ya kuhimili joto. Baada ya saa ya kwanza angani boneti linafunguliwa tena, nami natafuta sehemu mpya zinazong'aa.