Theluji ya kilimani haipimwi dirishani: maelezo kwa wanaoanza kuteleza, Calgary

Kila Chinook, ule upepo mkavu wa joto unaoshuka kutoka milimani magharibi, unapoingia Calgary, simu zinazofika ofisini kwetu huwa za aina mbili. Kwanza hupiga wazazi waliokwisha kulipia somo la mtoto la kuteleza kwenye theluji. Wamechungulia nje asubuhi, wameona nyasi, na sasa wanadai fedha zao kwa kuwa theluji imeisha. Siku mbili baadaye baridi ikisharudi, hupiga wengine: mtu ameanguka, kifundo cha mkono kimevunjika, na familia inauliza kwa nini kilima kilifunguliwa siku ambayo kilikuwa barafu tupu. Malalamiko haya yameongezeka msimu huu, na mengi yanatoka kwa jamii zetu za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, ambao tunafurahi kuona wanaleta watoto kilimani. Kitengo changu hushughulikia hali ya theluji na usalama katika kilima kidogo cha wanaoanza, magharibi mwa jiji. Naandika ili maswali haya yajibiwe mahali pamoja, kwa Kiswahili.

Nianze na nyasi.

Sehemu kubwa ya theluji mnayotelezea haikutoka mawinguni. Calgary ni jiji kavu, na vilima vyake, ukiwamo wa Canada Olympic Park uliotumika katika Olimpiki ya 1988, hutegemea theluji ya mashine. Maji husukumwa kwa presha kubwa pamoja na hewa iliyoshindiliwa, yakatoka kama matone madogo sana na kuganda kabla hayajagusa ardhi. Theluji hii ni nzito. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya ya mawinguni ina uzito wa kilo 100 hivi. Ya mashine hufika kilo 400 hadi 500. Tunairundika tangu Novemba, kisha magari ya kusawazisha huitandaza na kuishindilia usiku baada ya usiku. Uani kwako kuna sentimita tano za theluji laini ya jana, na Chinook inaweza kuzimaliza kabla ya saa sita mchana. Njia ya wanaoanza ina tabaka lililojengwa kwa wiki kadhaa. Isitoshe, miteremko ya Paskapoo, ambako Canada Olympic Park imejengwa, inatazama kaskazini, na jua la majira ya baridi hapa hupita chini upande wa kusini, kwa hiyo haliipigi sawasawa. Nyasi za nyumbani hazikuambii chochote kuhusu kilima. Tumelisema hili mara nyingi, na bado kuna anayetutumia picha ya bustani yake kama ushahidi.

Swali la pili linaulizwa na watu makini zaidi, nami hulipenda. Mbona jana ilikuwa nyuzi sifuri na mashine zilinguruma usiku kucha, ilhali juma lililopita ilikuwa nyuzi mbili chini ya sifuri na zilikuwa kimya? Jibu ni unyevu wa hewa. Aliyekulia nyumba yenye mtungi wa udongo anajua kwamba maji yake hupoa vizuri zaidi siku ya hewa kavu, kwa sababu yanayopenya na kukauka nje ya mtungi huondoka na joto. Tone la maji linaloruka kutoka kwenye mashine hupoa kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo sisi hatuangalii kipimajoto cha kawaida peke yake. Tunaangalia kile ambacho balbu yake imefungwa kitambaa kibichi. Hewa ikiwa nyuzi sifuri na unyevu asilimia 30, kipimajoto hicho husoma karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, na kazi inaanza. Hewa ikiwa nyuzi 2 chini ya sifuri lakini kuna ukungu mzito, kinabaki palepale kwenye 2, na theluji inayotoka ni chepechepe. Kwa kawaida tunahitaji kisome 2 au 3 chini ya sifuri ndipo tuanze, na theluji nzuri hasa hupatikana kikipita nyuzi 6 chini ya sifuri. Alama ya jua au wingu kwenye simu yako haionyeshi lolote kati ya haya.

Sasa Chinook yenyewe. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hupanda milima upande wa British Columbia na kumwaga mvua na theluji huko. Inapovuka kilele cha Milima ya Rocky na kushuka kwetu imekwisha kuwa kavu, na kila inaposhuka mita 1,000 huongezeka joto kwa karibu nyuzi 10. Pale Pincher Creek, kusini mwa Alberta, mwaka 1962 joto lilipanda kutoka nyuzi 19 chini ya sifuri hadi 22 juu yake kwa muda wa saa moja. Dalili yake utaiona magharibi: tao refu la mawingu, na chini yake ukanda wa anga safi. Upepo huu huiyeyusha theluji, lakini pia huigeuza sehemu yake kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, ndiyo maana theluji ya mtaani hupotea na huoni madimbwi ya kutosha kueleza ilikokwenda.

Kwa anayeanza, hatari ya Chinook iko zaidi katika siku inayofuata kuliko siku yenyewe. Siku ya joto theluji huwa laini, nzito na yenye kunata. Skii, zile mbao mbili za miguuni, hukwama ghafla na magoti huchoka, lakini mwendo ni mdogo na kuanguka hakuumizi sana. Usiku joto linashuka, maji yaliyojipenyeza kati ya chembe za theluji yanaganda, na asubuhi kilima kina ngozi ngumu. Breki ya anayeanza ni kufungua visigino na kukandamiza kingo za ndani za skii ziume theluji. Juu ya barafu kingo haziumi. Mtu anafanya kila alichofundishwa, na bado anaongeza kasi. Kwa wanaotumia ubao mmoja ni vibaya zaidi, kwa sababu hutanguliza mikono wanapoanguka, na huko ndiko vifundo vya mkono vinakovunjikia. Kinga za vifundo hivyo ni za bei ndogo, nazo huvaliwa ndani ya glavu. Kama mtoto wako anajifunza ubao, mnunulie.

Tunachofanya sisi usiku ni kupitisha gari la kusawazisha ambalo lina meno nyuma, likaivunja ile ngozi na kuiacha theluji na mistari midogo. Lakini theluji iliyosagwa hivyo inahitaji saa kadhaa kushikana upya. Ikiwa joto lilichelewa kushuka, gari nalo linachelewa, na alfajiri theluji inakuwa haijashikana. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wiki ya Chinook ni huu: wanaoanza waje kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mapema zaidi, njia ni ngumu. Baadaye zaidi, kumbuka kwamba katikati ya Desemba jua la Calgary linazama kama saa kumi na nusu jioni, na kilichokuwa laini mchana kinaanza kuwa barafu chini ya taa zetu. Watu hupenda jioni kwa sababu wametoka kazini. Naelewa. Hata hivyo jioni ya kwanza baada ya Chinook si wakati wa somo la kwanza.

Upepo nao una mambo yake. Hata mashindano ya kuruka kwa skii katika Olimpiki ya 1988 yaliahirishwa hapa Calgary kwa sababu ya upepo. Lifti ya viti inapoanza kuyumba, mwendeshaji huipunguza mwendo, huwashusha waliomo, kisha huisimamisha. Hatuulizi maoni ya wateja katika hili. Mkanda wa kupandishia wanaoanza uko chini, juu ya ardhi yenyewe, kwa hiyo mara nyingi huendelea, na somo la mwanzo huendelea pia.

Kuhusu baridi kali nina mambo machache tu, maana wengi mmekaa hapa miaka na mnaijua. Nyuzi 20 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama 33 chini ya sifuri, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Kukaa kwenye lifti ya viti ni kukaa upeponi. Na hili niliseme wazi, kwa sababu nalisikia kila Jumamosi kutoka kwa mama zetu wenye upendo mkubwa: mafuta mazito ya kupaka usoni hayazuii ngozi kuganda. Yanampa mtoto hisia ya joto tu, na yeye anashusha skafu. Mpakeni kwa ajili ya ukavu kama kawaida, halafu mfunikeni uso. Ukiona baka jeupe au la kijivu kwenye shavu, au ngozi ya mtoto mweusi imepauka na kuwa ngumu kama nta, mwingize ndani, uweke joto la kiganja chako juu ya sehemu hiyo, usisugue. Wala usisugue kwa theluji, hata kama jirani amekuambia.

Taarifa ya hali ya kilima tunaitoa kila siku, na kitu cha kwanza kusoma ni saa iliyoandikwa. Taarifa ya saa kumi na moja alfajiri katika wiki ya Chinook imekwisha kuzeeka ifikapo saa nne. Kina cha theluji kinachotajwa kimepimwa mahali pamoja penye kijiti. Hakimaanishi kila kona iko hivyo. Tukiandika kwamba theluji ni ngumu, tunamaanisha kingo zako zitapata tabu. Tukiandika hali ya majira ya kuchipua, tunamaanisha itabadilika mara kadhaa siku hiyohiyo: ngumu, laini, tepetepe, ngumu tena. Anayeanza akisoma maneno hayo achague mchana.

Sasa taratibu, ambazo ndizo huleta ugomvi.

Vilima vya Kanada hubandika Kanuni ya Uwajibikaji yenye vipengele kumi, na ukinunua tiketi umeikubali. Njia ikifungwa kwa kamba au bango, imefungwa kwa kila mtu, hata kama inaonekana nyeupe na nzuri. Mara nyingi tumeifunga kwa sababu chini ya weupe huo kuna barafu, au bomba la maji, au shimo ambalo Chinook imelichimba. Kwetu mlinzi wa doria akikukuta humo, atakusimamisha, ataomba kadi yako, ataisoma kwa mashine na kuandika jina, saa na njia uliyokuwemo. Kosa la kwanza unaweza kupewa onyo au kadi ikafungwa kwa siku hiyo. Uamuzi ni wa doria, na kubishana naye hakusaidii. Mwenye kadi ya msimu akirudia, kadi inasimamishwa na anaitwa ofisini kabla ya kufunguliwa. Fedha hazirudishwi katika hali yoyote kati ya hizo.

Ukigongana na mtu, baki hapo. Mpe doria jina na anwani, hata kama mwenzako amesema hajaumia, kwa kuwa maumivu mengine huja usiku. Anayeondoka tunamchukulia kama mtu aliyekimbia ajali.

Kumwazima ndugu kadi ya msimu ni udanganyifu. Najua nyumbani kitu cha mmoja ni cha wote, lakini picha yako hutokea kwenye skrini kila kadi inaposomwa. Kadi hufungwa, na ndugu uliyemwazima anatakiwa kulipa tiketi kamili ya siku.

Na watoto wasije na sleji baada ya kilima kufungwa. Usiku wa baridi ndio tunaotengeneza theluji: mabomba yana presha, magari yanatembea, na mengine yamefungwa kebo ya chuma iliyonyooshwa mlima mzima ambayo gizani haionekani. Kebo hiyo ikikaza ghafla inaua. Zaidi ya hayo, marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria za Alberta kuhusu kuingia mahali bila ruhusa yanaruhusu faini ya hadi dola 10,000 kwa kosa la kwanza, hadi dola 25,000 likirudiwa, na kifungo kisichozidi miezi sita. Jiji limetenga vilima vyake vya sleji, tumieni hivyo.

Kuhusu fedha: hali ya hewa peke yake si sababu ya kurudishiwa. Lakini somo la mtoto linaweza kuhamishwa bila malipo ukitujulisha kabla ya saa mbili asubuhi ya siku yenyewe, na katika wiki ya Chinook nawahimiza mfanye hivyo badala ya kumleta mtoto kwenye barafu kwa kuogopa kupoteza fedha. Ukipiga simu uwe na namba ya risiti na tarehe mbili zinazokufaa, kwa kuwa nafasi za Jumamosi mchana hujaa mapema.