Mji Mkongwe hauonwi kwa gari, na dhana nyingine za wageni wetu

"Tutafutie gari yenye kiyoyozi ituzungushe Mji Mkongwe, tuna saa moja tu." Ombi hili nalisikia karibu kwa kila kikundi kinachoteremka kwenye boti kutoka Dar es Salaam: familia, wafanyakazi waliokuja kupumzika mwisho wa wiki, hata walimu wanaoleta wanafunzi wao. Nikiwaambia mji huu unatembelewa kwa miguu, nyuso hubadilika. Wengine wanadhani nataka kuwapunja. Wengine wananieleza kwa upole kabisa kuwa kutembea juani ni mambo ya Wazungu, na kwamba mtu aliyekwishalipa nauli ya boti anastahili kubebwa.

Katika dhana zote ninazokutana nazo katika kazi ya kutembeza wageni, hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inamrudisha mtu kwao akiamini ameiona Zanzibar.

Gari haliingii Mji Mkongwe. Linapita pembeni yake: Mizingani upande wa bahari, Creek Road upande wa Darajani, na vipande vichache vya Shangani na Vuga. Eneo ambalo UNESCO iliandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000 lina ukubwa wa hekta 96 hivi, na humo ndani njia nyingi ni vichochoro. Vingine ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Ukiwa garini utaona uso wa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake pamoja na mnara wa saa viliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Utaona zahanati ya Ithnasheri na roshani zake za mbao, kasri, bustani ya Forodhani na pilikapilika za Darajani. Vyote ni vya kutazamwa, sikatai. Lakini majumba ya mbele yale yalijengwa yaonekane na anayeingia kwa bahari. Wenyeji wenyewe walijenga nyumba zinazotazama ndani, na ndani huko hufiki kwa tairi.

Chukua mlango mmoja tu, wa nyumba yoyote kongwe ya Kiponda au Sokomuhogo. Simama mbele yake dakika tano. Katikati kuna mfaa, ule mti uliochongwa unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Pembeni mwa fremu unapanda mnyororo uliochongwa, chini mara nyingi utakuta mawimbi au magamba ya samaki, na juu ya kizingiti, kwenye baadhi ya milango, aya ya Qurani. Ukiona juu pamenyooka, huo ni mtindo wa Kiarabu wa zamani. Ukiona juu pamefanya upinde na nakshi zimejaa majani na maua, umeingia mkono wa mafundi wa Kihindi, mtindo ulioshamiri mwishoni mwa karne ya 19. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kukueleza walikotoka majirani hao kabla hujaingia makumbusho yoyote. Kwa gari, mlango huo hata hupiti karibu yake.

Kisha inua macho. Ingia duka lililo ndani ya nyumba ya zamani uangalie dari, utaona boriti za mikoko zimepangwa bega kwa bega. Boriti hazikuruhusu chumba kuwa na upana wa zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Angalia na ukuta: jiwe la matumbawe lililoshikwa kwa chokaa. Mahali paliposiribwa kwa saruji utakuta plasta imevimba na kubanduka, kwa sababu unyevu uliomo ukutani umekosa pa kutokea. Nawaonyesha wageni wangu kila siku, na kila siku kuna anayeniambia kuwa nyumba ya babu yake pwani imeharibika vilevile.

Jua nalo linaogopwa bure. Nyumba za ghorofa mbili na tatu zinatupiana kivuli karibu siku nzima, na upepo wa bahari unapenya humo humo vichochoroni. Anayeungua ni yule aliyeganda kwenye foleni ya Darajani akisubiri gari lisogee.

"Tuna wazee." Leteni wazee. Mji ni tambarare, na kila baada ya hatua chache kuna baraza ya kukalia. Gari liwashushe Mkunazini, tutembee aste aste mpaka Forodhani, lije liwachukue huko. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya gari ndani ya mji, kushusha na kupokea. Mwenye kiti cha magurudumu aniambie mapema, maana sakafu za vichochoro zina mabonde na mawe yaliyoinuka, na njia yake lazima niipange upya kupitia upande wa bahari.

Kuhusu ile saa moja: haitoshi. Nahitaji saa mbili na nusu, tatu zikiwezekana. Tuanze saa mbili asubuhi au baada ya alasiri. Ijumaa mchana tusipange kitu, maduka hufungwa na njia za karibu na misikiti hujaa wanaokwenda kuswali.

Wenye hamu ya gari nina safari yao, tena nzuri sana, ila ni ya nje ya mji. Shikeni barabara ya Bububu. Mtakuta magofu ya Maruhubi, kasri jingine la Barghash, lililoungua mwaka 1899 na kubakiza nguzo. Mbele kidogo ni Mtoni, kasri ya Sayyid Said, sultani aliyekuwa baba yake Barghash, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Mkipandisha Kidichi mtaona hamamu, nyumba ya kuogea, ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi. Hapo gari, au dala dala kwa asiye na haraka, ina maana yake.

Dhana ya pili ni ya watu wangu wa karibu: "Sisi tunajua Kiswahili, mtembezaji ni wa wageni wa nje." Kiswahili kitakusaidia kuuliza njia na kununua urojo. Hakitakuambia kuwa nyumba uliyoegemea ilikuwa ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Baada ya siku ya kwanza zungukeni wenyewe, nawahimiza kabisa, na simu muiweke mfukoni. Kuta ndefu zinaivuruga ramani ya simu, na nimewaona watu wakizunguka mahali pamoja macho yakiwa kwenye kioo. Shika njia moja uifuate. Ukiendelea mbele utatokea baharini au Creek Road, na hapo utajua ulipo.

Mtembezaji mwenyewe muulizeni kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na bei mkubaliane kabla hamjaondoka bandarini. Papasi, yaani yule anayewinda wageni bandarini, anayekuvuta mkono ukiwa bado na begi kichwani si wa kumkabidhi watoto wako asubuhi nzima.

"Ngome Kongwe ni ya Wareno." Hapana. Waliyoijenga Wareno ni Fort Jesus ya Mombasa. Hii ya kwetu ilijengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la hao Wareno.

Sasa nije kwa makosa yetu sisi wa fani, maana dhana nyingine wageni wamezipata kwetu. Hadithi kwamba vile vichwa vya misumari ya shaba vilivyochongoka milangoni viliwekwa kuzuia tembo inasimuliwa kila kona. Mtindo huo ulitoka India, na hapa ni pambo na fahari ya mwenye nyumba. Unguja haina tembo. Anayeisimulia kana kwamba ilitokea hapa mtaani Hurumzi anamdanganya mgeni.

Zito zaidi ni la vyumba vya chini kule Mkunazini, ambavyo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Soko la watumwa lilikuwepo pale, hilo halina ubishi. Lilifungwa mwaka 1873 na kanisa la Anglikana likajengwa juu ya kiwanja chake. Lakini jengo lenye vile vyumba vya chini lilijengwa na wamisionari kuwa hospitali, miaka mingi baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria waliokwisha kueleza kwamba visingeweza kuwa vyumba vya kufungia watumwa wa soko lile. Mtembezaji anayejaza idadi ya watu waliokufa humo, kila siku kwa hesabu mpya, anawakosea heshima watu halisi waliouzwa uwanjani pale. Mimi wageni wangu nawapeleka kwenye ile sanamu ya watu waliofungwa minyororo, tunasimama, nawaeleza biashara ilivyoendeshwa na jinsi mkataba wa 1873 na Uingereza ulivyoilazimisha serikali ya Barghash kulifunga soko. Yanatosha bila kuongeza chumvi.

Kisiwa cha Changuu, kinachofikiwa kwa boti kutoka mjini, nacho kimebebeshwa yasiyo yake. Jina lake jingine, Kisiwa cha Gereza, linawafanya wengi waamini kuwa wafungwa walijaa pale. Gereza lilijengwa kweli katika miaka ya 1890, ila halikupata wafungwa. Likageuzwa karantini ya kuwaweka wasafiri wa melini wakati maradhi yakihofiwa. Kobe wakubwa mtakaowakuta asili yao ni Shelisheli. Msiwapande mgongoni, hata kama mtunzaji ameangalia pembeni.

Safari hiyo ya boti naipenda, na anayetaka kuuona mji kama walivyouona mabaharia aifanye, kwa sababu ni kutoka majini tu ndiyo sura ya Mizingani inakamilika, na minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, inayokupotea ukiwa vichochoroni, inajitokeza juu ya mapaa. Lakini si badala ya kutembea. Nendeni asubuhi, upepo wa kusi ukivuma sana ahirisheni, ulizeni maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa saa ya kurudi, na bei iwe ya kwenda na kurudi. Nahodha asiye na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, mtoto mchanga akiwemo, msipande chombo chake. Ufukwe wa Forodhani una vyombo vingi.