Windows XP ikilalamika kumbukumbu pepe imepungua, anza na nambari hizi

Ujumbe wa kumbukumbu pepe (virtual memory) ukichomoza karibu na saa, wengi hukimbilia kuongeza ukubwa wa pagefile.sys, faili la kwenye diski ambalo Windows hulitumia kuisaidia RAM, yaani kumbukumbu halisi ya mashine. Mara nyingi ujumbe hurudi, kwa kuwa programu inayokula kumbukumbu haijaguswa.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda kichupo cha Performance, kisha soma kisanduku cha Commit Charge. Total ni kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa kwa sasa. Limit ni RAM ukijumlisha na pagefile ilivyo sasa. Peak ni kiwango cha juu kilichofikiwa tangu mashine iwashwe. Kwenye mashine ya RAM 256 MB, Windows huanza na pagefile ya 384 MB, yaani mara moja na nusu ya RAM, hivyo Limit husoma karibu 630,000 K. Peak ikifika 620,000, tatizo ni la kweli. Grafu ya PF Usage isikupoteze: jina linataja pagefile, lakini inachochora ni hiyo hiyo Total.

Sasa mtafute mlaji. Nenda Processes, fungua menyu ya View, chagua Select Columns na uweke tiki kwenye Virtual Memory Size; safu yake itaandikwa VM Size. Safu ya Mem Usage haitoshi, maana huonyesha tu sehemu iliyomo kwenye RAM. Punguza dirisha la programu hadi chini na utaiona ikishuka ghafla kutoka 60,000 K hadi 3,000 K, huku VM Size ikibaki palepale. Andika VM Size ya programu tano kubwa, rudi baada ya saa moja. Inayopanda bila kushuka, hata isipotumika, inavuja. Hiyo isasishe au iondoe. Pagefile kubwa itakuchelewesha tu kufika kwenye ujumbe uleule.

Kama hakuna inayovuja, angalia nafasi kwenye C:. Diski ikijaa, pagefile haiwezi kukua hata ukiiruhusu. Endesha Disk Cleanup mpaka upate angalau GB 2 wazi.

Kisha bofya kulia My Computer, Properties, Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change. Chagua Custom size. Kwa RAM 256 MB mimi huweka 768 mwanzo na 1536 mwisho. Bofya Set kabla ya OK, la sivyo hakuna kilichobadilika. Mwanzo ukiwa mkubwa, faili halilazimiki kukua katikati ya kazi na kutawanyika vipande vipande. Kuihamishia D: husaidia tu kama D: ni diski nyingine kabisa. Ikiwa ni sehemu ya diski ileile, kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huko na kasi inapungua zaidi.

Taa ya diski isipozimika hata baada ya hayo, linganisha Total ya Commit Charge na Total ya kisanduku cha Physical Memory, yaani RAM. Total ikizidi RAM mara mbili kila siku, dawa ni kuongeza RAM. Aina za RAM hutofautiana: SDRAM ina pini 168, DDR 184, DDR2 240, na pengo la kila moja liko mahali pake. Ikikataa kuingia usiilazimishe. Thibitisha pia kikomo cha ubao mama: ule wa chipseti ya Intel 815 hauvuki 512 MB, hata ukiununulia zaidi.