"Utanirekebishia kwenye Kompyuta": Dhana Potofu Ninazozisikia Studio

Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia studio yetu ya Sinza saa tatu usiku, akavaa hedifoni, akaimba ubeti mzima mara moja tu, kisha akazivua na kusema: "Kaka, hapo panatosha, mengine utanirekebishia kwenye kompyuta." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kutoka kwa waimbaji wa Bongo Fleva, wa singeli na hata wa kwaya, na kila mara yanaigeuza kazi ya saa moja kuwa ya siku tatu.

Anayesema hivyo kwa kawaida ana akilini Auto-Tune, programu ya kusahihisha noti za mwimbaji. Programu hiyo ilitoka mwaka 1997, nayo ni kazi ya Andy Hildebrand, Mmarekani ambaye kabla ya hapo alikuwa akitumia hisabati kuchambua mitetemo ya ardhini katika utafutaji wa mafuta. Programu inapima wimbi la sauti linajirudia baada ya muda gani, inatambua uko kwenye noti ipi, kisha inakusogeza hadi noti iliyo karibu nawe, ambayo si lazima iwe ile uliyoikusudia. Umbali kati ya noti hupimwa kwa senti, na kati ya noti na jirani yake pana senti 100. Programu ikiwa imepangwa kufuata noti zote 12, mwimbaji aliyeteleza kwa senti 30 atarudishwa alikotaka kufika, lakini aliyeteleza kwa senti 60 ameshaikaribia zaidi noti ya jirani, na huko ndiko atakakovutwa. Ukiibana ifuate noti za ufunguo wa wimbo peke yake, mpaka huo unasogea, hauondoki. Waimbaji wa taarabu nawasihi zaidi, kwa kuwa baadhi ya maqamu (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu), kama bayati na rasti, yana noti zinazokaa katikati ya hizo 12, na programu isiyopangwa kwa ajili yake itaziona kuwa ni makosa na kuzinyoosha.

Tena kipimo hicho kinahitaji sauti ya mtu mmoja iliyo safi. Kijana wangu alikuwa ameomba feni la dari liwashwe kwa sababu ya joto, na hedifoni alizivaa sikio moja, upande wa pili ukimwaga biti, yaani muziki wa kuimbia, ndani ya maikrofoni. Nilimwambia akae nami asikilize. Kompresa inashusha vilele vya sauti, kisha tunapandisha kiwango chote ili kufidia. Ukishusha vilele kwa desibeli 8 na kufidia kwa 8, basi kila kilicho chini ya vilele hivyo, feni likiwemo, nacho kimepanda desibeli 8. Mwisho wa mstari wa pili, pale neno "nirudie" lilipokatika, tulilisikia feni likiinuka taratibu mfano wa mtu anayevuta pumzi, na nyuma yake mlio mwembamba wa snea, ile ngoma kali ya biti. Nilipoweka geti, inayonyamazisha sauti iliyo chini ya kiwango fulani, ili kuukata uvumi huo, silabi ya mwisho nayo ikaondoka, likabaki "nirudi". Akanitazama bila kusema neno.

Hapo hatujagusa sauti iliyorekodiwa kwa nguvu mno. Wimbi likigonga 0 kwenye mita ya kidijitali linakatwa kichwa, na programu ya kuunga inakisia tu kilichokuwa pale. Mimi hurekodi kwa biti 24 (biti za kompyuta, si biti ya wimbo) na kuacha vilele vizunguke kwenye desibeli -12, hata msanii akilalamika kuwa sauti iko chini. Wala hakuna kifaa cha kumpa mtu matamshi au pumzi ambazo hakuwa nazo alipokuwa mbele ya maikrofoni.

Basi nashauri hivi, na sitachoka kushauri: fanyeni mazoezi na biti yenu kwa wiki nzima kabla ya kulipia studio, zimeni feni na mpumzike kila baada ya dakika 20, vaeni hedifoni masikio yote mawili, na mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Imbeni ubeti mara tatu au nne ili nipate pa kuchagua. Kijana yule alirudia feni likiwa limezimwa, na katika mara ya tatu noti zilizohitaji kusogezwa zilikuwa mbili tu.

Dhana nyingine ninayoisikia ni kwamba trei za mayai ukutani huzuia kelele. Hazizuii. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini wimbi la hezi 100 lina urefu wa takribani mita 3 na nusu, na karatasi nyepesi ya sentimita tano hailibughudhi. Bodaboda itasikika vilevile. Magodoro na mablanketi mazito yaliyotundikwa nyuma ya mwimbaji hutuliza mwangwi wa chumba vizuri zaidi, na kelele za nje huzuiwa na ukuta mzito na mlango uliozibwa nyufa.

Wengine hudhani masta, yaani toleo la mwisho la wimbo, inapaswa kuwa na kelele kuliko ya kila mtu. Lakini Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Wimbo uliobanwa hadi -7 utateremshwa kwa desibeli 7, ngoma zake zikiwa zimeshapondwa, na ulio na nafasi ya kupumua utasikika na nguvu zaidi pembeni yake.

Na biti ya MP3 haiwi bora kwa kugeuzwa kuwa WAV. Kilichotupwa wakati wa kubana faili hakirudi, faili linakuwa kubwa tu. Mwombeni prodyuza WAV ya awali, na ikiwezekana kila ala kwenye faili lake, kabla hamjapanga siku ya kuja studio.