Mto Umejaa, Mbona Mfereji Mkavu?

Mto Sabaki wa hapa pwani ya Kenya ukifurika tu, simu zinaanza kwetu kampuni ya maji. "Nyinyi watu wa maji, mto umepasua kingo, mfereji wangu hautoi hata tone. Mnatuona wajinga?" Hapana, mzee wangu. Ila swali hili nimelijibu mpaka koo limenikauka, kwa hivyo leo naliandika.

Mafuriko hayatuletei maji, yanatuletea tope. Simama ufuoni Malindi wakati huo uone bahari ilivyogeuka kahawia. Tope hilo likiingia mtamboni huziba vichujio, na klorini nayo hushindwa kazi, kwani vijidudu hujificha kwenye chembe za udongo. Visima vyetu vya Baricho, kando ya Sabaki, vina nafuu, maana mchanga wa kando ya mto huyachuja maji kabla pampu hazijayavuta. Lakini pampu zataka stima. Nguzo zikianguka, mto ujae usijae, yote mamoja.

Asiyeamini aangalie Asheville, mji wa milimani North Carolina, Marekani, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kimbunga Helene kilipopita Septemba 2024, bwawa lao kubwa la North Fork lilijaa pomoni. Mafuriko yakang'oa mabomba makuu yanayotoka bwawani, na maji yaliyobaki yakawa na tope ambalo mtambo wao haukujengwa kulichuja. Ikabidi wamwage shabu bwawani ili udongo utuame; ndiyo, shabu hii hii ya mitungini kwetu. Mabomba yalipotengenezwa, maji yakarudi mferejini, lakini hayakuruhusiwa kunywewa bila kuchemshwa hadi Novemba 18. Siku 53, na bwawa limejaa!

"Mnafunga makusudi dhoruba ikikaribia." Pengine kweli, na heri tufunge. Kampuni makini hujaza matangi mapema, huweka akiba ya dizeli na klorini, kisha huwa tayari kufunga vali ili bomba likipasuka, tangi zima lisimwagike barabarani. Kimbunga Maria kilipozima umeme wa kisiwa kizima cha Puerto Rico mwaka 2017, mitambo ya maji isiyokuwa na jenereta ilisimama. Kule Florida, kampuni za maji huazimana jenereta na mafundi kupitia mtandao wao wa FlaWARN. Hayo hupangwa kabla ya upepo, si baada yake.

Halafu kuna hili: "Maji yamerudi, yametakata, tunakunywa." Bomba likikosa presha, maji ya mtaroni hupenya kwenye nyufa. Ndiyo maana kampuni hufungua ncha za mabomba na kumwaga maji kwanza, ikatia klorini, ikapima. Watu wakiona yanamwagwa, wanatukana. Na wewe uliyeunga pampu yako moja kwa moja kwenye bomba letu, wewe ndiwe unayeuvuta uchafu huo na kuwanywesha majirani. Iondoe. Weka tangi la chini, maji yaingie yenyewe, ndipo uyapandishe juu. Mpaka utangaziwe kuwa ni salama, chemsha yatokote dakika nzima.

Harufu ya klorini? Acha maji kwenye jagi wazi, itapungua. Kipindupindu hakina harufu. Waulize watu wa Beira, Msumbiji, waliopatwa nacho wiki chache tu baada ya Kimbunga Idai, Machi 2019.

"Vimbunga havifiki kwetu." Kweli, tu karibu na ikweta na ni nadra kupigwa moja kwa moja. Ila Hidaya ilifika Mafia Mei 2024, na mvua kubwa haihitaji kuitwa kimbunga ili ing'oe bomba.

Wenye visima hudhani hayawahusu. Kisima kilichoingiwa na mafuriko kimeingiwa na vyoo vya jirani pia: kivute, ukitie klorini, ukipime ndipo unywe. Na ndugu zangu wa Lamu, msikivute kwa pupa. Maji matamu ya chini ya matuta ya mchanga ya Shela yamekaa juu ya maji ya chumvi, na ukizidisha kuvuta, chumvi hupanda.