Picha ya Mnufaika Si Mali ya Shirika

Kila msimu wa kuandika ripoti za wafadhili huja na malalamiko yake: mama amejiona kwenye bango la kuchangisha fedha, mtoto anachekwa darasani kwa picha aliyopigwa kwenye foleni ya unga. Maafisa wa mawasiliano wa mashirika, someni haya kabla ya kupakia chochote mtandaoni.

Kufanya kazi ya hisani hakumwondoi mtu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. (Tumeulizwa hili mara nyingi kupita kiasi.) Shirika dogo huenda likasamehewa usajili katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayosimamia sheria hii, lakini halisamehewi kuitii sheria. Ada ya usajili kwa mashirika ya hisani ni shilingi 4,000, bila kujali ukubwa, na cheti hudumu miezi 24.

Mtu kutabasamu mbele ya kamera si idhini. Mzigo wa kuthibitisha kwamba aliridhia ni wenu, si wake. Fomu itaje kila matumizi kando, yaani ripoti, Facebook, bango na kumpa mfadhili, na kila moja liwe na nafasi yake ya kukubali au kukataa. Iandikwe kwa lugha anayoielewa na iwe na nambari ya kupiga akibadili nia. Asiyejua kusoma asomewe, na aliyemsomea aandike jina lake na tarehe. Msiombe idhini kabla ya kugawa msaada: anayesubiri unga hawezi kukataa kwa uhuru. Gaweni kwanza, kisha idhini iombwe na mtu mwingine, si yule aliyegawa. Kwa mtoto, ni mzazi au mlezi anayeidhinisha.

Kuziba uso peke yake hakutoshi. Sare ya shule, jina la kijiji kwenye maelezo na alama ya mahali iliyofichika ndani ya faili humtambulisha mtu vilevile.

Kuhusu adhabu: notisi ya utekelezaji, yaani agizo la Kamishna la kurekebisha kosa, hutoa muda usiopungua siku 21 wa kurekebisha. Kuipuuza ni kosa, faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Notisi ya adhabu, yaani faini inayotozwa na Kamishna mwenyewe, inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo zaidi kati ya hivyo viwili. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Mnufaika anaweza kuiondoa idhini wakati wowote. Hapa ndipo wengi hukwama: picha imefutwa kwenye tovuti, lakini nakala ipo kwa mfadhili, kwa mchapishaji wa mabango na kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Wekeni rejista inayoonyesha kila picha ilikopelekwa, kwa nani na lini. Ombi likija, mwandikieni kila aliyeorodheshwa aifute, na majibu yake myahifadhi pamoja na fomu ya mwanzo.