Mlima wa nusu-aktiki ni mlima wa namna gani? Tuutazame Mount Logan

Watu wengi hupima ugumu wa mlima kwa urefu wake. Basi weka Kilimanjaro, wenye mita 5,895, kando ya Mount Logan wa Canada, wenye mita 5,959. Tofauti ni mita 64 tu. Hata hivyo, kilele cha Kibo kilifikiwa mwaka 1889, na leo maelfu ya watu hupanda kila mwaka wakiwa na waongozaji na wapagazi wao. Logan ulikaa hadi 1925 bila mtu kusimama juu yake, na mpaka leo wanaoujaribu ni wachache mno. Urefu peke yake hauwezi kulieleza jambo hili. Linaelezwa na mahali mlima ulipo.

Nusu-aktiki ni ukanda wa kaskazini mwa dunia ulio chini kidogo ya Aktiki yenyewe (eneo la ncha ya kaskazini), takriban kati ya latitudo 50 na 70. Majira ya baridi huko ni marefu na makali, na kiangazi ni cha miezi michache. Kwenye mabonde kuna misitu ya misonobari, mito hugandishwa kwa miezi mingi, na makazi ya watu yako mbalimbali sana. Logan uko kwenye latitudo 60 na ushei, katika eneo la Yukon, karibu na mpaka wa Alaska. Umezungukwa na mashamba ya barafu ambayo ni makubwa kuliko yote duniani nje ya maeneo ya ncha za dunia. Ndiyo sababu hata kuuona kwa karibu ni safari. Mwanajiolojia Israel Russell aliupa jina hilo mwaka 1890 kwa heshima ya William Logan, mwanzilishi wa idara ya jiolojia ya Canada, na ilipita miaka 35 kabla ya mtu kufika juu.

Baridi inaeleweka kwa urahisi: kwenye uwanda wa juu wa Logan wastani wa mwaka mzima ni kama nyuzi 27 chini ya sifuri. Jambo ambalo watu hawalitarajii ni hewa. Tabaka la chini la angahewa, lile lenye mawingu na mvua, huwa nene juu ya ikweta, kama kilomita 16 hadi 18, na hupungua hadi kilomita 8 au 9 kuelekea ncha. Tena hewa ya baridi ni nzito na hujikusanya chini, kwa hiyo kanieneo (mgandamizo wa hewa) hushuka haraka zaidi kadiri unavyopanda. Matokeo yake ni kwamba mtu aliye mita 5,900 kwenye Logan anapata oksijeni pungufu kuliko mtu aliye mita hizohizo Kilimanjaro. Mapafu yanaona mlima mrefu zaidi ya ule ulioandikwa kwenye ramani. Juu ya hayo, Bahari ya Pasifiki haiko mbali, na dhoruba zinazotoka huko zinaweza kuwafungia watu hemani kwa siku nyingi mfululizo.

Umbali ndio ulioamua historia yote ya mlima huu. Msafara wa 1925 uliandaliwa na chama cha wapanda milima, Alpine Club of Canada, chini ya Albert MacCarthy. Ulianzia mji mdogo wa McCarthy huko Alaska (majina yanafanana kwa bahati tu), na kutoka hapo kuna zaidi ya kilomita 100 za bonde la mto na mito ya barafu kabla hujaufikia mlima. MacCarthy aliona kwamba wapandaji wakibeba chakula chao wenyewe masika, nguvu zitawaishia kabla ya kupanda. Basi wakati wa baridi, mto ukiwa umeganda na unapitika, yeye na wenzake walipeleka tani kadhaa za mizigo kwa farasi na mbwa wa kukokota, wakaiacha kwenye maghala njiani. Kwangu mimi, hapo ndipo mlima uliposhindwa: katika kazi hiyo ya kuchosha ambayo hakuna anayeipigia picha.

Mwezi Mei walirudi na kupanda kupitia bonde la barafu linaloitwa King Trench. Tarehe 23 Juni watu sita walifika kileleni, au ndivyo walivyodhani, kwa sababu kutoka hapo waliona kilele kingine kirefu zaidi ng'ambo ya bonde. Logan si ncha moja. Una vilele 11 vinavyozidi mita 5,000, vimetawanyika juu ya uwanda mrefu. Ikabidi washuke na kupanda tena. Walisimama kwenye kilele halisi jioni, saa 2 hivi. Kwenye latitudo ile, mwezi Juni hakuna usiku wa giza kamili, na hilo ndilo lililowaruhusu kufika saa hiyo. Waliposhuka dhoruba iliwakuta, wakalala ndani ya mashimo waliyochimba kwenye theluji, bila hema, baadhi yao wakiwa wamegandishwa vidole. Wote sita walirudi hai.

Siku hizi ndege ndogo zenye miguu ya kuteleza hutua juu ya barafu, na mzigo wa majira yote ya baridi ya 1925 husafirishwa kwa saa chache. Njia ya King Trench ndiyo inayopendwa zaidi. Lakini ukingo wa kusini uitwao Hummingbird ulipandwa na watu sita mwaka 1965, wakakaa juu yake zaidi ya mwezi mmoja, na licha ya ndege na vifaa vya kisasa hakuna aliyeurudia wote tangu hapo.